Saini ya Kuhudhuria si Saini ya Kukubali

Ukifika kwenye kikao cha maoni kuhusu mpango wa kaunti, karatasi ya kwanza kupewa huwa ni ya mahudhurio: jina, nambari ya kitambulisho, simu, saini. Tia tu. Inaonyesha kwamba ulifika, basi.

Karatasi ya kudai ni ile ya mpango wenyewe. Kifungu cha 115 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinafanya ushirikishwaji wa umma kuwa lazima, tena kwa taarifa zinazoeleweka: athari kwa mazingira, matokeo yanayotarajiwa, njia mbadala na gharama zake. Kwa hivyo ofisa akitangaza "tutawajengea soko", muulize kulikuwa na chaguo gani jingine na lingegharimu pesa ngapi. Huo si utovu wa adabu.

Msiuchukulie mzaha mpango huo. Kifungu cha 104 kinakataza pesa za umma kutengwa nje ya mpango uliopitishwa na bunge la kaunti, kwa hivyo mtaro usioandikwa humo hauna bajeti, hata mwakilishi wenu wa wadi (MCA) apige kelele vipi. Mpango wa kila mwaka hufika bungeni kabla ya 1 Septemba kupita. Maoni ya Oktoba yamechelewa.

Mmenyimwa hati? Andikeni barua, hata kwa Kiswahili. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaruhusu, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Asiyejua kuandika, ofisa wa habari anatakiwa amwandikie. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo. Wakinyamaza, mlalamikieni Ombudsman.

Anayedhani wakazi wa mitaa ya mabanda hawawezi kupanga jiji aulizie Mukuru, Nairobi. Mwaka 2017 kaunti iliitangaza kuwa eneo maalumu la mipango, na wakazi wakajipanga kwa makundi ya nyumba kumi kumi, kila kundi na mwakilishi wake. Hata hivyo, mwishoni mwa 2021 maelfu ya watu wa Mukuru kwa Njenga walibomolewa nyumba kupisha barabara. Kushirikishwa hakuzuii tingatinga.

Likifika hapo, njia ni mahakamani. Iwapo ni mazingira yanayoharibiwa, kifungu cha 70 cha Katiba hakikutaki uthibitishe kwamba wewe mwenyewe umepata hasara. Ila wakili atataka kwanza kuona zile nakala zenye muhuri.