KAZI ZA NYUMBA YENYE WATOTO WADOGO: ZIPI TUPUNGUZE, ZIPI TUSIGUSE

Somo la jamaa. Soma kwanza: Kutoka 18:13–26 na Luka 10:38–42

Somo la mwezi huu linahusu jambo ambalo halihubiriwi sana mimbarani, nalo ni kazi za nyumba.

Katika vikundi vya akina mama ombi linalorudi mara kwa mara ni kupewa nguvu. Mama ana mtoto mgongoni, mwingine ameshika kitenge chake, wa tatu analia njaa, na maji yamekwisha. Anaombewa, anarudi nyumbani, anakuta kazi ziko palepale. Kuomba nguvu ni vema. Lakini Yethro alipomwona Musa akiamua mashauri ya watu tangu asubuhi hadi jioni, hakumwombea nguvu zaidi. Alimwambia wazi kwamba kazi ile imemzidi, kisha akamwonyesha namna ya kuigawa. Nasi tujaribu kufanya hivyo katika nyumba zetu.

KWA NINI KAZI IMEKUWA NZITO HIVI?

Wengi wetu tulilelewa Fizi, Uvira, Masisi, Rutshuru au kule Burundi, katika nyumba zenye watu wengi. Mama alipozaa, nyanya alikuja kukaa naye. Shangazi alishika mtoto, wifi alitwanga sombe, binti wa jirani alichota maji. Utaratibu wa kazi tuliofundishwa ulitengenezwa kwa mikono minane. Vita vikatutawanya, na leo mama mmoja anaubeba utaratibu uleule kwa mikono miwili, na katika nyumba nyingi baba wa watoto hayupo. Jioni inapofika kazi haijaisha, anajilaumu kwamba amekuwa mvivu. Siye mvivu. Hesabu ndiyo haikubali.

Chukueni hesabu ya maji peke yake. Kiwango cha chini kinachofuatwa katika kusaidia watu waliokimbia ni lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku, za kunywa, kupika, kuoga na kufua. Nyumba ya watu sita inahitaji lita 90, yaani bidoni nne na nusu za lita 20. Kila bidoni ikijaa inapita kilo 20. Ongeza foleni ya bombani, ongeza kilima, ongeza mtoto mgongoni. Hapo kuni bado, shamba bado, chakula bado. Tena tangu mwaka 2020 mgao wa chakula kwa wakimbizi hapa Uganda umepunguzwa zaidi ya mara moja, na akina mama wengi wameongeza vibarua juu ya kazi zote hizo.

Kwa hiyo kila kazi tuipime kwa swali moja: nikiiacha leo, mtoto ataumia, au ni jirani tu atakayesema?

KAZI ZINAZOWEZA KUSHUKA

Tuanze na masizi ya sufuria. Tulifundishwa kwamba sufuria ya mwanamke hodari hung'aa hata upande wa nje, na wengine wanaisugua kwa mchanga na majivu kila siku hadi vidole vinachubuka. Ndani ya sufuria lazima pawe safi. Weusi wa nje haumdhuru mtu. Ukitaka kuutoa kwa urahisi, kabla ya kuteleka paka nje tope la majivu au sabuni kidogo. Masizi yatashika kwenye tope, nayo yatatoka kwa maji machache. Asiyetaka hata hilo, aiache iwe nyeusi, na jirani aseme.

Nguo nazo zina mambo mengi. Watoto wakiwa na nguo nyingi za kushindia, nyingi zitachafuka. Bakiza mbili kwa kila mtoto, pamoja na sare ya shule na nguo ya Jumapili. Zilizobaki zifunge kwenye mfuko mpaka zitakapohitajika. Nepi za mtoto zifuliwe kila siku, nyingine zingoje siku mbili za wiki ulizochagua. Pasi je? Hapa pana hatari moja. Kuna nzi anayetaga mayai katika nguo mbichi zilizoanikwa nyasini, chini au kivulini, na funza wake huingia katika ngozi ya mtoto na kufanya jipu. Nguo ikitundikwa kwenye kamba, juani, mpaka ikauke kabisa, hatari hiyo hupungua sana. Mwenye pasi na makaa machache apige pasi nguo za mtoto mchanga kwanza. Gauni na shati la ibada zinaweza kuja na mikunjo yake. Hatujasikia mtu aliyerudishwa mlangoni pa kanisa kwa ajili ya mikunjo.

Kusiriba sakafu kila Jumamosi, kufagia uwanja asubuhi na jioni, kupanga vyombo kwa ajili ya wageni ambao hawajasema watakuja, haya yote yanaweza kungoja mpaka mdogo atembee. Wageni wakija, wapewe uji waliokuta. Martha alikuwa mwema, na chakula chake hakikuwa dhambi. Lakini alijiongezea shughuli nyingi ambazo Mgeni hakuziomba.

Na kwa mtoto aliye chini ya miezi sita, maziwa ya mama peke yake yanatosha. Hahitaji maji wala uji. Hapo hakuna chombo cha kuosha wala moto wa kuwasha, na mtoto anakingwa na kuhara.

KAZI AMBAZO HAZIKATWI

Sasa tuje mahali pa kuogopa. Mama aliyechoka hukata njia, na si kila njia ya mkato inafika nyumbani.

Muhogo mchungu una sumu. Bibi zetu waliuloweka siku tatu au zaidi, mpaka ulainike, ndipo wakauanika na kuutwanga. Si kwamba hawakuwa na haraka. Waliijua ile sumu. Katika nchi yetu ya Kongo, upande wa Kwango, kuna ugonjwa unaoitwa konzo. Daktari Giovanni Trolli aliuandika mwaka 1938. Miguu ya mtu hukakamaa ghafla na haiponi tena, na wanaopatwa zaidi ni watoto na akina mama. Huja pale watu wanapokula muhogo mchungu ambao haukulowekwa vya kutosha, tena kwa muda mrefu, huku mboga za kuujenga mwili kama maharagwe na samaki zikikosekana. Ulionekana pia Tarime, Tanzania, wakati wa ukame wa mwaka 1985. Na hapa Uganda, Septemba 2017 huko Kasese, watu 98 waliugua na wawili wakafa kwa kula unga wa muhogo wenye sumu. Wa kwanza walikuwa wamekula msibani. Kwa hiyo njaa iwe kali namna gani, siku za kuloweka zisipunguzwe. Ukiwa na haraka, pika mahindi. Na unga wa muhogo unaouzwa sokoni kwa bei ya kushangaza, uliza kwanza ulitoka wapi.

Kunawa mikono kwa sabuni baada ya choo, baada ya kumsafisha mtoto, na kabla ya kupika na kula, hakukatwi. Maji yakiwa haba, tengeneza kibuyu chirizi: kidumu kidogo chenye tundu, kamba, na kijiti cha kukanyaga. Maji yanayotoka ni kidogo mno, na mtoto wa miaka mitatu anaweza kukitumia mwenyewe, tena kwa furaha.

Maji ya kunywa yakae katika chombo chake chenye kifuniko. Pasipo kuni za kuyachemsha, jaza maji maangavu katika chupa ya plastiki isiyo na rangi, ilaze juu ya bati tangu asubuhi, ikae katika jua kali saa sita. Mawingu yakitanda, iache siku mbili. Maji yenye tope hayafai kwa njia hii mpaka yachujwe.

Kazi nyingine ambayo wengi wanaona ni ya kuongezewa bure ni kumpa mtoto mdogo bakuli lake. Watoto wote wakila sinia moja, vyombo vinapungua, ni kweli. Lakini wakubwa wana mikono ya haraka, na mdogo anainuka na njaa bila mama kujua. Osha bakuli hilo moja zaidi.

Beseni la maji pia lifunikwe au limwagwe. Mtoto anayetambaa huweza kuzama katika maji ya kina cha kiganja.

MOTO MMOJA KWA SIKU

Kuni ndizo zinazowapeleka akina mama mbali na kuwaacha watoto peke yao, kwa hiyo kuni ikipungua moja, na hofu inapungua. Loweka maharagwe usiku, asubuhi mwaga maji yale. Ukipika uji, usiuache moto ufe. Teleka maharagwe papo hapo, ufunike. Yatokote kwa nguvu si chini ya dakika kumi, hasa yale mekundu, kwa sababu maharagwe yaliyopashwa tu bila kutokota vizuri huumiza tumbo. Kisha ondoa sufuria na kifuniko chake, iweke katika kapu lililojazwa majani makavu ya migomba au vitambaa chakavu, funika juu kwa blanketi zito. Yataendelea kuiva bila moto huku wewe uko shambani. Ukirudi baada ya saa nne au tano, yachemshe tena, tia chumvi, chakula tayari. Mara ya kwanza huenda yakabaki magumu kidogo. Ongeza majani kapuni, usikate tamaa. Chakula kisikae kapuni mpaka kipoe, kwa maana kitaharibika.

Mahali pa moto pazungushiwe ukuta mfupi wa udongo au matofali. Kuweka ukuta huo ni kazi ya nusu siku tu, na kuungua ni kwa maisha.

LIKELEMBA YA WATOTO

Likelemba ya pesa tunaijua wote. Kila mtu anatoa, mmoja anapokea, kesho zamu ya mwingine. Kwa nini tusifanye likelemba ya siku? Akina mama watatu wanaoishi karibu wanapatana. Jumanne mmoja anabaki na watoto wote, wawili wanakwenda kuni pamoja, jambo ambalo ni salama kuliko kwenda peke yako. Alhamisi mwingine anabaki. Masharti yawe machache na yasemwe mapema: mtoto mgonjwa haletwi, kila mmoja aje na uji wake, na watoto wasizidi wale ambao macho ya mtu mmoja yanaweza kuwafuata. Msichana wa miaka kumi asifanywe mtu wa nne katika likelemba hii ili akose shule. Tunalisema kwa sababu linatendeka, hata katika nyumba za viongozi wa kanisa.

Watoto wenyewe wasaidie kwa kadiri yao. Wa miaka mitatu apange vijiko, wa sita achambue maharagwe na kukunja mikeka, wa tisa achote maji kwa kidumu cha lita tano. Wavulana pia. Sufuria inayochemka na petroli ya taa si kazi ya mtoto yeyote.

NENO KWA AKINA BABA

Baba, huko nyumbani ulikuwa na ng'ombe, duka, mtumbwi au darasa la kufundisha. Hapa siku nyingi ni ndefu. Kuna wanaume wanaoona haya kubeba bidoni mchana, kwa hiyo wanachota usiku, watu wakiwa wamelala. Tunawashukuru hata hao. Lakini mwanaume mmoja akichota mchana, wawili watamcheka, na wa tatu atamfuata. Bidoni mbili asubuhi kabla ya kikao cha chini ya mti zinampa mama saa nzima. Na ukiwa na baiskeli, jirani yako mjane asiye na mtu wa kumchotea asiombe mara mbili.

MASWALI YA VIKUNDI

1. Kila mama ataje kazi moja anayoifanya kwa ajili ya macho ya majirani. Ingekuwaje akiiacha kwa mwezi mmoja?

2. Yethro alimwambia Musa achague watu wa kusaidiana naye. Katika mtaa wenu ni nani anayebeba peke yake? Ni nani anayeweza kuingia naye katika likelemba ya siku?

3. Muhogo mnaonunua unalowekwa siku ngapi, na nani anajua?

4. Akina baba wajibu wao wenyewe, wasijibiwe na wake zao: wiki hii mlichota bidoni ngapi?

Kikundi kitakachojaribu kapu la kupikia walete moja siku ya mkutano wa akina mama, pamoja na maharagwe yake ndani, tuonje.