Kulala Hemani na Watoto Wadogo, Hell's Gate

Kwa familia inayotaka kuwalaza watoto porini kwa mara ya kwanza, Hifadhi ya Hell's Gate, kusini mwa Ziwa Naivasha, ni pahali pazuri pa kuanzia. Kutoka Nairobi ni kilomita 90 hivi, kwa hiyo watoto hawafiki wakiwa hoi. Tena ni kati ya hifadhi chache za Kenya ambamo mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli. Mtoto aliyemwona twiga huku naye amesimama ardhini, bila dirisha la gari kati yao, atalizungumza jambo hilo mwezi mzima.

Ada za kuingia na za kambi hulipwa mtandaoni, basi zimalize kabla ya safari. Maji ya kunywa yabebe kwenye jerikeni, maana chupa za plastiki za kutupwa zimepigwa marufuku hifadhini tangu Juni 2020.

Fika kambini saa tisa alasiri, au saa kumi ukichelewa sana. Mwaka mzima jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu, na giza la huku halibishi hodi. Likiingia, watoto wawe wameshakula, wamenawa na kuvaa nguo za kulalia. Kusimamisha hema kwa tochi huku mtoto mchanga analia ni mateso yasiyo na sababu.

Mimi napendelea kambi ya Naiburta, yenye mandhari ya kuelekea jabali la Fischer's Tower. Kabla ya kushusha mzigo, kagua uwanja mkiwa na watoto. Tafuta miiba, mashimo ya siafu, na hasa vipande vya mawe meusi ya volkano yanayong'aa kama kioo. Vinapendeza sana machoni pa mtoto, lakini makali yake hukata kidole mara moja. Kisha wekeni mpaka: mti ule, jiwe hili, gari, banda la kupikia. Kila mtoto aguse alama zote kwa mkono wake. Akisha kuzigusa, huzikumbuka kuliko ukimwonyesha kwa kidole tu.

Mpe kila mmoja kazi. Wa miaka minne anaweza kubeba vigingi ndani ya sufuria na kukupa kimoja kimoja. Mlango wa hema usielekee upepo. Turubai la chini lisichomoze nje ya hema, la sivyo mvua ikinyesha litakinga maji na kuyaleta chini ya godoro. Kamba zifungie vitambaa vyeupe, kwa kuwa jioni watoto hukimbia bila kuziona. Zipu ifungwe wakati wote na viatu vilale ndani, nge wasije wakahamia humo.

Chakula kisiingie hemani hata kidogo, hata biskuti. Nyani wa huku wanazijua kambi vizuri. Wakinusa ndizi mbivu watachana kitambaa kuifuata. Kila mkimaliza kula, rudisheni vyote garini na mfunge milango. Githeri na chapati pikeni nyumbani, ili jioni iwe ni kupasha moto tu.

Usiku ni baridi kweli, maana eneo hili limeinuka zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Baridi inayomwamsha mtoto hutoka ardhini, kwa hiyo usimrundikie mablanketi juu ukamwacha na mkeka mwembamba chini. Walaze katikati yenu, na kofia za sufu kichwani. Poti iwe ndani ya hema. Nyati na fisi huzunguka usiku, na safari ya chooni na mtoto mwenye usingizi haina haja.

Asubuhi tembeeni hadi Fischer's Tower, jabali la mita 25 hivi, mkawatazame pimbi wakiota jua. Korongo lililomo hifadhini waachieni wakubwa. Mwaka 2012, na tena mwaka 2019, mafuriko ya ghafla yaliua watu humo. Mvua huweza kunyesha mbali juu, maji yakashuka huku juu ya korongo anga ni kavu, nalo ni jembamba na kuta zake ni ndefu. Mwenye mtoto mgongoni hana pa kupandia.