DAFTARI LA MAJI LISOMWE MKUTANONI



Dodoma ni nchi kavu. Mvua huanza Desemba na kukoma Aprili. Miezi inayobaki, akina mama wengi hufukua mchanga wa mito iliyokauka ili wapate maji. Kwa hiyo pampu ya kijiji ikisimama, mambo mengi husimama pamoja nayo. Mtoto huchelewa shule, ng'ombe hukonda, na mama hutoka alfajiri akarudi jua limekwisha kuwa kali.

Siku moja tulifika katika kijiji kimoja cha mkoa huo. Pampu ilikuwa imelala miezi minne. Tukauliza, ina nini? Wakatujibu kwamba mpira wa ndani umekatika. Lakini mpira si kitu cha bei kubwa! Mbona haununuliwi? Watu wakaangalia chini. Baadaye mzee mmoja akatuvuta pembeni: "Mwalimu, fedha tulichanga. Mweka hazina amezila."

Mkutano ukaitishwa. Mama mmoja aliyehitimu kisomo akanyosha mkono, akasema: "Ndugu Mwenyekiti, naomba daftari lisomwe."

Daftari likaletwa. Kurasa mbili tu ndizo zilizoandikwa. Mweka hazina akanyamaza, kisha akaenda nyumbani kwake akarudi na kopo. Fedha zikahesabiwa mbele ya watu wote. Zilitosha mpira na nauli ya fundi, na nyingine zikabaki.

Kumbe hakuwa mwizi. Kuandika kulimshinda, akaona haya kusema. Akaogopa hata kuzitumia fedha, maana asingekuwa na maandishi ya kuwaonyesha watu. Nao watu, kwa kuwa hawakusomewa hesabu, wakaacha kuchanga. Siku ile yule mama akakabidhiwa kalamu, na mzee akaachiwa kopo lake.

Tunajifunza nini?

Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka 20. Shabaha ilikuwa kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani. Maji yalikuwa ya bure. Miradi mingi ilijengwa, na mingi ikaharibika. Wananchi walikuwa wakisema, "Hii ni ya Serikali, itakuja kutengeneza." Sera ya Maji ya mwaka 2002 ikataka wanakijiji wenyewe wamiliki na kuendesha miradi yao. Sheria ya mwaka 2019 ikaunda RUWASA, na chini yake Vyombo vya Watoa Huduma ya Maji Ngazi ya Jamii.

Lakini kushirikishwa si kuitwa kuchimba mtaro tu. Kuna mambo matatu:

1. Kuamua. Kituo kikae wapi? Bei iwe kiasi gani? Kifunguliwe saa ngapi? Akina mama wawemo katika kamati, tena waseme, kwa sababu wao ndio wachotaji. Wafugaji nao wawemo. Birika la mifugo likae mbali na kisima, ili kinyesi kisichafue maji ya kunywa.

2. Kuchagua. Anayeshika fedha na anayeandika wawe watu wawili. Hivyo mmoja anamsaidia mwenzake, na wote wawili wanaepuka kusingiziwa.

3. Kusomewa hesabu. Kila mwezi, mkutanoni, kwa sauti.

Daftari lenyewe si gumu. Tuseme leo zimechotwa ndoo 120, kila ndoo shilingi 50. Andika hivi:

Mapato: 120 × 50 = sh. 6,000
Matumizi: posho ya mlinzi sh. 1,500
Baki: sh. 4,500

Baki ya leo huanza ukurasa wa kesho. Ukinunua kipuri, bandika risiti papo hapo.

Ndugu msomaji, wewe uliyehitimu kisomo unaweza kazi hii. Usingoje kuitwa. Mkutano ujao, nyosha mkono uombe daftari lisomwe. Usiombe kwa hasira wala kwa kumshuku mtu. Omba kwa sababu maji ni yenu.

Maswali ya kujadili

1. Katika kijiji chenu, nani huandika daftari la maji? Lilisomwa lini mara ya mwisho?

2. Sera ya 2002 iliweka lita 25 kwa mtu mmoja kwa siku, na kituo kimoja kwa watu 250. Kituo hicho kitoe lita ngapi kwa siku? (Jibu: 6,250.) Je, chenu kinafikisha?

3. Pampu ikiharibika kesho, baki yenu itatosha kuitengeneza?