Dawa ya Mtoto Hupimwa kwa Kilo

Mtoto akichemka homa, wengine wetu huku Ufukoni humkatia kipande cha kidonge cha mkubwa. Tuache. Ini na figo za mtoto mchanga havijakomaa. Dawa inaweza kuzidi mwilini ikamdhuru.

Dawa mseto ya malaria ilipimwa kwa watoto 899 wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, na jirani zetu Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Mwaka 2008 matokeo yakatangazwa: kidonge cha watoto kinachoyeyuka majini kinatibu vizuri. Wachanga wa chini ya kilo 5 walisubiri hadi mwaka 2025, Uswisi ilipoidhinisha dawa yao yenye mchanganyiko tofauti.

Basi twende zahanati upesi, mtoto apimwe damu na uzito. Dozi tuimalize.

Swali: Kwa nini mtoto hupimwa uzito kabla ya kupewa dawa?