Vidonge vya moyo: unajua unachomeza?

Siku hizi ukiingia duka la dawa mjini hukosi kuonyeshwa kopo la vidonge vya "kulinda moyo". Soma karatasi yake: seleni, zinki, shaba, vitamini E. Je, moyo unavihitaji?

Ngozi ikichubuka, seli mpya huziba jeraha. Moyo sivyo. Mwaka 2009 watafiti wa Sweden walionyesha kuwa mtu wa miaka 25 hubadilisha takriban asilimia 1 tu ya seli za misuli ya moyo kwa mwaka. Baada ya kuzaliwa, moyo hukua hasa kwa seli zilezile kunenepa, si kwa kugawanyika. Ikifa moja, pengo lake halizibiki kirahisi.

Na adui yuko ndani. Seli ikitumia oksijeni hutoa mabaki makali: radikali huru, pamoja na haidrojeni peroksaidi, ileile ya kubadilishia nywele rangi saluni. Yakiwa kidogo huiashiria seli ikue, yakizidi huiharibu. Kipo kimeng'enya kinachoigeuza peroksaidi kuwa maji, nacho hakifanyi kazi bila seleni.

China walilijua hili kwa machungu. Wilayani Keshan, mwaka 1935, ulionekana ugonjwa wa moyo ulioshambulia hasa watoto na wanawake wa umri wa kuzaa. Baadaye ilibainika kuwa udongo, na hivyo nafaka, haukuwa na seleni ya kutosha. Mwaka 1974 huko Sichuan watoto 4,510 walipewa vidonge vya seleni. Waliougua ni 10. Kati ya 3,985 ambao hawakupewa, waliugua 54.

Basi tukanunue kopo? Taratibu! Wale walikuwa na upungufu. Chinani humohumo, katika eneo la Enshi, miaka ya 1960 seleni ilizidi katika chakula, watu wakanyonyoka nywele na kucha. Chuma nacho kikizidi hukutana na peroksaidi ileile na kuzaa radikali kali kuliko zote, na mwili hauna njia ya kutoa chuma cha ziada. Ama vitamini E, utafiti wa HOPE wa mwaka 2000, uliohusisha watu zaidi ya 9,500, haukuona faida kwa moyo. Ufuatiliaji wa 2005 ukakuta walioimeza walipata zaidi moyo kushindwa kazi.

Mwenye kuongezewa damu mara kwa mara, kama wagonjwa wa selimundu, asimeze kidonge chenye chuma kabla daktari hajampima kiasi alichonacho mwilini.