Siku Saba Lamu: Msafiri na Sala Yake



  Ndugu kadhaa hapa New Site wameniuliza habari za Lamu, kwani wanakusudia kwenda likizo ijayo. Nianze na kosa langu.

Kutoka Juba nilipita Nimule, Kampala, Nairobi na Mombasa, kisha basi hadi Mokowe na boti. Njiani nilipunguza sala, na hilo halina shaka. Lakini nilifika nikiwa nimeshanuia kukaa siku 7, na bado nikaendelea kusali adhuhuri, alasiri na isha rakaa mbili mbili, peke yangu kwenye nyumba ya wageni. Siku ya tatu mzee mmoja barazani akaniuliza, "Mwanangu, utakaa siku ngapi?" Nikamwambia saba. "Basi hapa wewe si msafiri tena."

Alisema kweli. Kwa Shafi, madhehebu ya watu wa pwani, na kwa Maliki, ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, anayenuia kukaa siku 4 kamili mahali pamoja hukamilisha sala tangu anapofika. Wahanafi wamesema siku 15. Na ukisali nyuma ya imamu mkazi unakamilisha, hata kama utalala usiku mmoja tu. Sala zile nilizilipa zote.

Tangu hapo nikawa nasali msikitini, na huko nako kuna la kujua. Alfajiri imamu aliinuka kutoka rukuu ya pili akanyanyua mikono kwa kunuti. Mimi nilikuwa nimeshaanza kushuka sujudu! Sisi huisoma kimyakimya kabla ya rukuu. Mfuate imamu, usilete mjadala wa madhehebu kwenye msikiti wa watu.

Mji wenyewe umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001. Msikiti wa Pwani unanasibishwa na mwaka 1370. Ngome ilikamilika mwaka 1821, na baadaye ikawa jela. Riyadha, ulioanzishwa na Habib Swaleh aliyetoka Ngazija, ndio kitovu cha Maulidi. Hiyo si makumbusho: vaa kwa heshima, sali tahiyyatul-masjid, na usipige picha watu wakiwa kwenye darsa.

Chakula hakina taabu. Asubuhi mahamri na mbaazi, mchana samaki wa kupaka, jioni kahawa chungu na haluwa. Kuhusu malazi, tafuta nyumba ya kale ya mawe ndani ya mji, yenye daka mlangoni na zidaka ukutani. Baadhi ya hoteli zinazowalenga watalii huuza pombe, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Punda ni wengi na vichochoro ni vyembamba, wapishe.

Ukipata siku moja, nenda magofu ya Takwa, kisiwani Manda. Kuna msikiti wa zamani, na kaburi la mnara lenye maandishi ya mwaka 1682. Boti hupita kwenye mkondo wa mikoko, na maji yakitoka haipiti. Muulize nahodha saa ya maji kwanza, ndipo upange utasali wapi alasiri.