Wachezaji wa voliboli: pima miguu yako

Dada zetu, kifundo na goti huumia sana unapotua baada ya kuruka wavuni. Wachezaji wa kike wa vyuo vya Marekani wamepimwa hivi: vua viatu, simama kwa mguu mmoja, mikono kiunoni. Mguu mwingine uupeleke mbele mbali uwezavyo, uguse chini kidogo bila kuuegemea, kisha urudi. Ukiyumba, rudia. Mwenzako apime kwa futikamba (asicheke!). Badilisha mguu.

Utafiti wa mwaka 2006 kwa wanafunzi wa sekondari wa mpira wa kikapu ulionyesha kuwa wenye tofauti ya zaidi ya sentimita 4 kati ya miguu walielekea kuumia mara 2.5 zaidi. Ukiwa hivyo, zoeza mguu dhaifu kila siku. Mwenye uvimbe asipime, aende zahanati kwanza.